Mtumishi Aliyedanganywa Huko Kabuchai

Mtu akitoka Mombasa kwenda Bungoma ana safari ya kilomita 900 hivi, na akisha kufika Bungoma bado hajafika Kabuchai. Yampasa kushika njia ya Chwele, Mlima Elgon ukiwa mbele yake kama ukuta wa buluu, miwa kulia na miwa kushoto. Wazee wetu wa misafara waliijua nchi hiyo ya jirani, maana katika karne ya kumi na tisa walikuwa wakifika mpaka Mumias, kwa Nabongo, kufuata pembe. Sisi hatukufuata pembe. Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, na tulikuwa tukimfuata fundi.

Habari yenyewe ni hivi. Mpwa wangu ni mchonga milango mjini Mombasa. Babu yake alichonga kwa patasi na nyundo ya mti, na mlango mmoja ulimchukua miezi. Yeye huchonga kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu, CNC. Wako wasemao kwamba huo si uchongaji. Ubishi huo tuuache, una siku yake. Lililotupeleka bara ni kwamba mashine ilianza kumharibia kazi. Ua la mlango lilitoka limelemea upande mmoja. Mnyororo ulioanza juu ya mwimo haukukutana na mwenzake chini. Ubao mzuri wa mbambakofi ukawa kuni, na mwenye mlango akaanza kuuliza amana yake.

Muuza vipuri mmoja akamwambia, bila hata kuivua mashine kifuniko, kwamba mota imekufa na dawa yake ni kununua nyingine. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na milango miwili. Mpwa wangu alikuwa tayari kwenda kukopa. Ndipo dereva wa lori, mtu wa Bungoma, akamwambia: "Kabla hujanunua, nenda Kabuchai kamwone mzee mmoja. Yeye mashine yake ni ya chuma, lakini ugonjwa ni huo huo."

Nakiri kwamba sikuamini. Kabuchai kwangu mimi ilikuwa ni miwa, mahindi na soko la Chwele. Sikujua kama huko kuna mtu anayeamrisha chuma kwa kompyuta.

Karakana tuliikuta kando ya njia, nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji iliyolowa mafuta. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo yaliyopita, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye mpaka kilipofungwa mwaka 2009, na kama wengi wa wenzake alirudi nyumbani na sanduku la vifaa na kichwa kilichojaa maarifa yasiyo na mwajiri. Vijana wake watatu humwita Papa, kama watu wa huko wamwitavyo baba. Alitupa mkono, akatuambia "Mulembe", kisha akaniambia mimi, "Karibu, Mzee. Mmekuja siku mbaya, au pengine siku nzuri. Yangu pia inaumwa."

Mashine yake ilisimama katikati ya nyumba kama ng'ombe asiyetaka kuinuka. Ni mashine ya kuchongea chuma, iliyoundwa Ujerumani kabla ya vijana wale kuzaliwa, ikaja kwa meli ikiwa imekwisha tumika, ikapita bandari yetu ya Mombasa na kupanda bara kwa lori. Mwili wake ni mzima kabisa. Kilichokufa ni akili yake: kompyuta ya zamani, makabati mawili ya vyombo ambavyo viwanda viliacha kuviunda siku nyingi. Basi Fundi na vijana walikata akili ile na kuitia nyingine. Walibakiza kitanda cha chuma, skrubu ndefu zinazosukuma meza, na mota zake za asili. Juu yake wakaweka kompyuta ya kawaida ya mezani yenye programu iitwayo LinuxCNC, ambayo ni ya bure kwa kila mtu. Asili yake ni kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani katika miaka ya 1990, na jina hilo ililipata mwaka 2011. Kazi ya kuhuisha mashine kwa namna hiyo imewapa mafundi wengi duniani chombo ambacho wasingeweza kukinunua kipya hata wangeuza shamba.

Nao hawa walikuwa wamekopa. Chama chao kilitoa fedha za kompyuta na za kadi ya kuunganishia mota, na marejesho ni ya kila mwezi. Tena walikuwa na kazi mkononi: sproketi, yaani magurudumu ya meno ya kupitishia mnyororo, za mashine za kukamulia miwa. Bungoma ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Nzoia kilianza kusaga mwaka 1978, na mbali na kiwanda hicho kuna watu wengi wapikao sukari nguru kwa mitambo midogo. Mteja alitaka sproketi 24. Kumi za kwanza zilitoka safi. Ya kumi na moja meno yake yalikuwa membamba upande mmoja na manene upande wa pili. Ya kumi na mbili ilikuwa mbaya zaidi. Mteja alikuwa amewapa siku saba, akasema zikipita atapeleka chuma chake Eldoret.

Hapa yafaa nimweleze msomaji mota ya sevo ni nini, maana bila hilo hatuwezi kufuatana.

Tazama tangi la maji la msikitini. Ndani yake kuna boya. Watu wakitawadha, maji hushuka, boya nalo hushuka, na kushuka kwake hufungua bomba. Maji yakijaa, boya hupanda na kulifunga. Hakuna mtu aliyesimama pale. Tangi lenyewe hujua limepungukiwa kiasi gani, na hujirekebisha. Mota ya sevo ni hivyo hivyo. Kompyuta huiambia, "Isogeze meza mpaka hapa." Nyuma ya skrubu kuna kijisahani chenye mistari myembamba kinachozunguka mbele ya taa, na kijicho kinachohesabu mistari inayopita. Mafundi hukiita enkoda. Hesabu ile hurudi kwa kompyuta. Kompyuta hulinganisha mahali ilipoagiza na mahali jicho linaposema meza imefika, na tofauti ya hayo mawili ndiyo inayoitia mota nguvu. Tofauti ikiisha, mota hutulia.

Maarifa ya chombo kujirekebisha si mageni kwetu. Mjini Baghdad, katika karne ya tisa, ndugu watatu walioitwa Banu Musa, yaani Muhammad, Ahmad na al-Hasan, waliandika Kitabu cha Hila, wakaeleza vyombo vipatavyo mia. Ndani yake mna maboya na vilango vinavyojifunga vyenyewe, na taa inayojisogezea utambi. Al-Jazari naye, aliyekuwa akiwatumikia wafalme wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake mwaka 1206, na saa zake za maji zilitumia boya kufanya maji yatoke kwa kipimo kimoja. Nilipomwambia Fundi habari hizo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tangi ni babu wa mashine yangu."

Baba yake, lakini, ni usukani wa meli. Neno hili sevo lilitoka Ufaransa, ambako mhandisi Joseph Farcot aliliandikia kitabu mwaka 1873, na maana yake ya asili ni mtumishi. Meli za mvuke zilikuwa zimekuwa kubwa mno hata mikono ya mabaharia ikashindwa kugeuza usukani. Farcot akaweka mtambo wa mvuke unaoufuata mkono wa mtu: mkono ukisogea kidogo, usukani husogea kidogo, mkono ukisimama, nao husimama. Mtambo ule ukaitwa mtumishi, kwa kuwa hauna rai yake. Hutii tu.

Neno hilo, kutii, ndilo lililokuwa ugonjwa wa Kabuchai, lakini siku ile ya kwanza hatukulijua.

Fundi hakugusa bisibisi. Alivuta kiti, akatoa daftari la shule, akamwambia kijana mmoja aeleze upya kila kitu kilichotokea. Lini ilianza? Sproketi ya kumi na moja. Chuma kilikuwa kile kile? La, kilikuwa kinene zaidi. Kisu kilizunguka kwa kasi gani? Kwa kasi zaidi kuliko jana. Meza ilitetemeka? Kidogo. Kioo cha kompyuta kilitoa onyo lolote? La, hakikutoa. Namba kwenye kioo zilikuwa sahihi mpaka mwisho.

Hili la mwisho aliliandika akalipigia mstari. Mimi sikuona ajabu yake. Mpwa wangu ndiye aliyeniambia baadaye kwa sauti ndogo, "Mjomba, hata yangu haisemi kitu."

Kisha wakaanza kuichunguza, na utaratibu wao nataka kuueleza kama nilivyouona, kwa kuwa ndio uliomtoa mpwa wangu Mombasa.

Kwanza waliivua mota kifuniko. Mota za zamani zina vipande vya kaboni vinavyosugua shaba, navyo hulika na kumwaga vumbi jeusi. Vumbi likizidi, umeme hupita pasipostahili. Walipuliza vumbi, wakapima urefu wa kaboni, wakaona bado unafaa.

Pili, jambo lililonifurahisha mno. Kijana alileta mawe ya tochi, mawili, na kijiswichi cha kuzungusha kama cha sauti ya redio. Akaukata uzi unaotoka kwenye kompyuta, akaunganisha mawe yale mahali pake. Alikuwa amekwisha kulegeza ukanda unaofunga mota na skrubu, ili mota ikienda wazimu isivunje kitu. Maana yake ni kwamba badala ya kompyuta kuamrisha, mawe ya tochi ndiyo yaliyoamrisha. Akazungusha kijiswichi polepole. Mota ikageuka polepole. Akaongeza, nayo ikaongeza. Akageuza mawe, nayo ikageuka upande wa pili, laini, bila kushituka. Kwa senti za mawe mawili ilijulikana kwamba mota ni nzima, na chombo kinachoitia nguvu, wanachokiita draivu, ni kizima pia. Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa akifikiri juu ya ile bei ya milango miwili.

Tatu, kwa kuwa Fundi haridhiki na shahidi mmoja, walibadilishana. Draivu ya meza ya kwenda kulia na kushoto ikapelekwa kwa ile ya mbele na nyuma, na ya mbele ikaletwa huku. Wakachonga kipande cha chuma kibovu kwa kujaribu. Ikiwa draivu ndiyo mgonjwa, ugonjwa ungehama pamoja nayo. Haukuhama. Ulibaki palepale, kulia na kushoto.

Nne, jicho. Wakakata nguvu ya mota, wakaizungusha skrubu kwa mkono duru moja kamili. Kijisahani cha enkoda ile kina mistari 500, na jinsi linavyosoma, kila mstari huhesabiwa mara nne, kwa hiyo duru moja ni hesabu 2,000. Skrubu husogeza meza milimita 5 kwa duru, basi kila hesabu ni milimita 0.0025, wembamba usioonekana kwa jicho la binadamu. Kioo kilionyesha 2,000. Wakairudisha. Kikaonyesha sifuri. Wakafanya mara kumi, na mara zote kumi jicho lilisema kweli.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa la utosini. Mota nzima, draivu nzima, jicho zima, na sproketi mbovu iko mezani ikitutazama. Vijana walivunjika moyo. Mmoja alisema kwamba pengine kweli ni kununua mota. Fundi akamjibu kwa Kibukusu neno ambalo sikuelewa, lakini wenzake walicheka.

Tulisimama kula. Mke wa Fundi alikwisha uliza wageni ni watu wa wapi, na aliposikia ni watu wa Pwani alimtuma mtoto kwa jirani Mwislamu aje kuchinja kuku. Tukala kwa ugali na mboga za kienyeji, na maziwa ya mgando baadaye. Tulisali chini ya mwembe. Naandika haya kwa kuwa wako watu wetu wanaodhani kwamba ukipita Nairobi hutajaliwa.

Wakati wa chakula Fundi alitusimulia siku ya kwanza ya kuiwasha mashine hii baada ya kuitia akili mpya. Walipobonyeza, meza iliruka mpaka ukingoni kwa nguvu ya kutisha, ikagonga swichi ya mwisho na kuzimika. Walikuwa wameunganisha nyaya mbili za jicho kinyume. Kompyuta ikasema nenda kulia, meza ikaenda kulia, jicho likaarifu kwamba imekwenda kushoto. Kompyuta ikaongeza nguvu ya kulia ili kulifuta kosa, na kila ilivyoongeza kosa lilikua. Ni sawa na sukani aliyewekewa dira inayosoma kinyume: kadiri anavyosahihisha ndivyo anavyokiweka chombo mwambani. Waligeuza nyaya mbili, mambo yakatengemaa. "Tangu siku ile," alisema, "siwashi mashine mpya kabla mkono mmoja haujakaa juu ya kitufe chekundu."

Alipokuwa akinawa mikono akasimama ghafla, maji yakimtiririka. Akamwuliza kijana, "Tulipozungusha skrubu kwa mkono, kisu kilikuwa kimewashwa?"

"La, Papa. Kilikuwa kimezimwa."

"Na jana, ilipoharibu kazi?"

Hakungoja jibu. Tulirudi ndani sote. Wakakata nguvu ya mota zote za meza, zikawa haziwezi kusogea hata kwa amri. Wakaweka juu ya meza kile kipimo chenye uso kama saa, ambacho mshale wake huonyesha hata sehemu ya mia ya milimita. Kompyuta ikawekwa sifuri. Kisha kijana akawasha mota ya kisu, ile inayozungusha chombo cha kukatia, akaipandisha kasi.

Mshale wa kipimo haukutikisika. Meza ilikuwa imelala kama jiwe. Lakini kwenye kioo namba zilianza kutembea. Moja. Tatu. Mbili. Saba. Zikipanda na kushuka, ila zikipanda zaidi. Baada ya dakika tano zilisimama kwenye 37, nasi tulikuwa tumesimama bila kupumua, tukitazama meza isiyosogea ikiripotiwa kwamba imesogea. Hesabu 37 ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na meza ingekuwa kazini, yangezidi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini kioo hakikutoa onyo. Mota ya kisu huendeshwa na chombo kinachokata umeme vipande vipande, maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipande ni kama mtu anayepiga kelele. Waya wa jicho ulikuwa umelazwa katika mfereji mmoja na waya wa kisu. Kelele ikaingia. Kompyuta ikasikia hesabu ambazo jicho halikuzitoa, ikaamini kwamba meza imepita mahali pake, na kwa uaminifu wote ikairudisha nyuma. Sasa kiooni namba ni sahihi kabisa, na chuma kimekatwa pasipo pake. Mtumishi alidanganywa, naye akautii uwongo kwa bidii ile ile anayoutii ukweli. Mota mpya ingefanya vivyo hivyo. Hata mota kumi.

Fundi aliufuata waya kwa kidole tangu mwanzo wake. Nyaya za jicho hufunikwa na wavu mwembamba wa shaba unaozuia kelele, na wavu huo lazima uunganishwe na waya wa ardhi, la sivyo haufanyi kazi. Siku ya kuihuisha mashine mmoja wa vijana aliukata wavu ule kwenye mwisho ili waya uingie vizuri kwenye tundu, asiurudishe. Alisema mwenyewe, hakungoja aulizwe. Fundi hakumkaripia. Alimwambia tu alete koleo.

Waliutoa waya wa jicho katika ule mfereji, wakaupitisha upande wa pili wa mashine, mbali na waya wa kisu. Wavu wakaufunga kwenye ardhi upande wa kabati tu. Mpwa wangu aliuliza kwa nini usifungwe pande zote mbili uwe na nguvu zaidi. Akaambiwa kwamba katika mashine kuukuu kama ile ardhi ya upande mmoja na ardhi ya upande wa pili huenda zisilingane, na hapo umeme utaanza kutembea ndani ya wavu wenyewe, na mlinzi awe ndiye mwizi. Wakawasha kisu tena kwa kasi ya juu kabisa. Dakika tano, sifuri. Dakika kumi, sifuri. Kijana aliyeukata wavu alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nilidhani yamekwisha. Walipoirudishia meza nguvu, ikaanza kutetemeka na kunguruma ikiwa imesimama, kama nyuki ndani ya mzinga. Kumbe siku ya ubovu mmoja wao alijaribu kuiponya kwa kuongeza ukali wa masahihisho ndani ya kompyuta, akidhani mashine ni mvivu.

Jambo hili msomaji wa Pwani atalielewa kuliko Mjerumani aliyeiunda. Sukani mgeni akiona chombo kimeacha njia kidogo huusukuma usukani kwa nguvu. Chombo kikageuka, kikapitiliza. Akashituka, akausukuma upande wa pili kwa nguvu zaidi. Chombo huenda mrama mpaka abiria watapike. Sukani mzee husukuma kidogo, na kabla chombo hakijafika kwenye njia yake amekwisha anza kuurudisha usukani, kwa kuwa haangalii mahali kilipo tu, anaangalia na kasi inayokigeuza. Na akiona kwamba kwa muda mrefu mkondo unakisukuma upande mmoja, huuweka usukani umeelemea kidogo upande wa pili, ukae hivyo.

Sikubuni mfano huu. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa Marekani, alitoa makala juu ya kuongoza meli bila mkono wa mtu, na hesabu zake alizitoa katika kuwatazama masukani kazini. Aliona wanatazama mambo matatu: kosa la sasa, kosa lililojikusanya, na kasi ya kosa kubadilika. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyomo mpaka leo ndani ya mashine za namna hii duniani kote, na ile ya Kabuchai pia. Mashine ya kwanza ya kuchonga chuma kwa namba ilionyeshwa watu katika chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1952, miaka thelathini baadaye. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maarifa ya CNC hayana uhusiano na watu wa vyombo, mwambie asome tena.

Fundi aliketi mbele ya kioo, akaushusha ukali ule nusu kwa nusu mpaka nyuki wakanyamaza, kisha akaupandisha tena kidogo kidogo, akiweka kiganja juu ya meza ili aisikie. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro unaoonyesha vitu hivyo kwa mistari ya rangi, lakini aliamini kiganja kwanza na mchoro baadaye. Halafu akaiamrisha meza iende na kurudi mara mia moja, huku kipimo cha saa kimewekwa mwisho wa safari. Mara ya mia mshale ulirudi palepale.

Sproketi ya kumi na moja ilichongwa upya jioni ile, taa zikiwa zimewashwa. Walipima jino kwa jino, vijana watatu na mpwa wangu wa nne wao, vichwa vimekutana. Fundi alikuwa amekaa nje anakunywa chai. Mteja alipata mzigo wake, nilisikia baadaye, siku moja kabla ya muda.

Malipo ya kutufundisha aliyakataa. Alikubali kahawa ya Mombasa na halua tuliyokuwa tumemchukulia, na akasema halua ni tamu mno.

Njiani mpwa wangu alikwisha jihakikishia kwamba ugonjwa wake ni ule ule wa wavu. Alipofika alivua nyaya zote. Wavu ulikuwa umefungwa vizuri. Akawasha kisu, namba hazikutembea. Alinipigia simu usiku, sauti imelegea, nikamwuliza amefikia wapi katika daftari. Alikuwa amelinunua pale Bungoma stendi, la kurasa 48. Akaniambia hajajaribu mawe ya tochi. Alijaribu, mota ikawa nzima. Siku ya pili akachora alama ya wino mmoja kwenye shina la mota na mwingine kwenye skrubu, mahali viwili hivyo vinapobanwa pamoja, akachonga kipande cha ubao hafifu. Alama zilikuwa zimepishana. Kijiskrubu cha kibanio kilikuwa kimelegea. Jicho la mashine yake limefungwa nyuma ya mota, likihesabu kwa uaminifu duru za mota, na skrubu haifuati zote.

Alikikaza kwa ufunguo mdogo. Mlango wa mbambakofi umetundikwa sasa, na mnyororo wake umekutana juu na chini. Yule muuza vipuri bado humwuliza kila Ijumaa mota ataichukua lini.